Siku ya Mfalme, mkate na kipande cha farasi

Leo 27 Aprili, siku aliyozaliwa mfalme Willem-Alexander. Amsterdam nzima imevaa rangi ya chungwa.

Mwaka wa sita huu niko Uholanzi na sherehe hii bado hainiingii moyoni. Yangu ilikuwa jana, Siku ya Muungano, na jana niliamkia kazini kama kawaida.

Mchana nikatoka kununua mkate tu.

Leo kila mtu anaruhusiwa kuuza vitu vyake vya zamani barabarani. Mablanketi chini, vikombe, viatu vya watoto. Kelele, muziki. Nilikuwa napita tu.

Pale kwenye kona, binti wa miaka kama saba anauza picha ya kupanga vipande. Nikalishika boksi.

Akaniambia, "Kipande kimoja kimepotea. Cha mkia wa farasi."

Sikuwa nimemuuliza!

Nikampa yuro moja. Akaipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa nyumbani.

Sasa hivi niko jikoni. Farasi nimemaliza kumpanga. Penye mkia naiona meza, na macho hayataki kutoka pale.

Ndugu zangu mlio ugenini, sikukuu za wenyeji mnazipokeaje? Mnatoka, au mnakaa ndani? Niambieni.