Heda iliyobonyea kwenye Land Cruiser ya viazi

Ilikuwa Land Cruiser pikapu ya zamani, FJ45, injini ya petroli ya 2F yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2. Kazi yake ilikuwa kushusha viazi kutoka Bukwo kupitia Kapchorwa hadi Mbale, mashariki mwa Uganda, enzi ambazo barabara ya Suam ilikuwa bado matope na mawe matupu. Mvua za mwaka 2014 zilipokolea, mama mwenye gari aliileta karakana yetu Tororo. Alisema gari limekosa nguvu mlimani, na asubuhi chini ya boneti kunalia tik-tik-tik mpaka injini ipate moto ndipo kelele ipungue.

Kelele inayopungua kadiri injini inavyopata moto mara nyingi ni gesi ya egzosi inayovuja, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kuubana ufa. Tuliingia chini na taa. Manifoldi ya kiwandani, yaani chuma kinachokusanya gesi kutoka silinda zote, ilikuwa imeshaondolewa zamani, ikawekwa heda: mabomba 6 yanayokutana chini kwenye bomba moja. Jiwe lilikuwa limepiga mawili ya nyuma. Bomba la 5 lilikuwa limebonyea kama sahani, bila kupasuka. La 6 lilikuwa na mkunjo mkali, na ndani ya mkunjo huo ufa mwembamba wa sentimita 2 hivi, kingo zake nyeusi kwa masizi.

"Fundi, ligonge tu hapo hapo, kesho nina mzigo," mama akasema.

"Mama, tukiligonga kwa nje tunalibonyeza zaidi. Halina budi kushuka."

Kabla ya kulishusha tulipima jambo moja ambalo wengi hulisahau. Kwenye 2F manifoldi ya kuingiza hewa na ile ya egzosi ziko upande mmoja wa kichwa cha injini, na zinashirikiana gasketi moja, yaani karatasi ngumu ya kuziba maungio. Kinachopiga mabomba kwa chini kinatikisa gasketi nzima. Injini ikiwa inanguruma polepole, tulidondosha maji kidogo kidogo kwenye maungio ya upande wa kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa. Yalipofika karibu na silinda ya 6, mngurumo ulibadilika mara moja. Hewa ilikuwa inaingia pale bila kupitia kabureta, mchanganyiko ukawa mwepesi: hewa nyingi, petroli kidogo. Nguvu ya gari ilikuwa ikipotelea hapo zaidi kuliko kwenye mbonyeo.

Hesabu inaonyesha hivyo pia. Mabomba yale yalikuwa na kipenyo cha milimita 38 kwa nje na unene wa 1.6, kwa hiyo tundu ni kama milimita 34.8. Bomba likibanwa likawa la yai, hata tundu likishuka hadi milimita 25, pande zake zinapanuka, na nafasi ya gesi inapungua kwa takriban sehemu moja ya kumi tu. Mkunjo unaoingia ndani hupunguza zaidi, lakini ubaya wake mkubwa ni ufa: chuma hupata moto na kupoa kila siku, na mahali palipokunjwa ndipo panapoanza kuchoka.

Nati za heda zilikuwa zimeshikwa na kutu. Tulitoa kwanza bomba la petroli na kabureta, tukavipeleka mbali na moto. Kisha tukaichoma nati yenyewe kwa gesi, siyo studi (msumari wenye uzi uliosimama kwenye kichwa cha injini), na ikianza kuwa nyekundu tukaacha, tukaigusa kwa mshumaa. Nta inayeyuka na kunyonywa kwenye uzi, nati inafunguka bila kukata studi. Ukilazimisha kwa spana ndefu, studi inakatikia ndani ya kichwa cha injini, na hapo kazi ya saa moja inageuka ya siku nzima.

Heda ilipokuwa mezani tulidondosha gololi ya beringi ya milimita 30 kwenye kila tundu. Kwenye manne ya kwanza gololi ilishuka hadi bomba la chini. La 5 na la 6 ilikwama, na mlio wake ulituonyesha mahali hasa. Kabla ya moto wowote, tulifunga flanji, yaani bamba la heda linalokaa kwenye injini, kwa bolti kwenye kichwa chakavu cha 2F kilichokuwa karakana. Nasisitiza hili kwa sababu flanji iliyoachwa huru hupinda wakati wa kuchomelea, na heda iliyopinda itakula gasketi mpya kila mwezi.

Bomba la 5 tulilivuta. Tulichomelea nati ndogo pembezoni mwa mbonyeo, tukapasha eneo lote hadi rangi nyekundu ya damu, tukavuta kwa wenzo, huku tukigonga kwa nyundo nyepesi ule ukingo ulioinuka. Tulianzia pembeni, penye kina kidogo, tukaelekea katikati. Ukianza na kina katikati, chuma cha milimita 1.6 kinavutika na kutoboka wakati ukingo bado umekishikilia. Gololi ilipopita, tulisaga nati na kuacha hivyo. Alama ndogo iliyobaki haina madhara.

La 6 halikuwa la kuvuta. Tulikata sentimita 7, mkunjo na ufa pamoja, tukiacha chuma kizima pande zote mbili. Kijana msaidizi wangu alileta kipande cha bomba la maji lenye zinki, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Tulilikataa. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kifua kubana, na weldi yake hujaa vitundu. Tulitumia bomba jeusi la kutengenezea viti, kipenyo kile kile, unene wa milimita 1.5. Tulilishika kwa nukta 4 za weldi kwanza, tukahakikisha gololi inapita, ndipo tukazungusha weldi ya gesi kwa waya wa chuma laini. Weldi ya shaba ni rahisi, ila inabaki kwenye chuma na kuharibu weldi ya kesho. Baada ya hapo tuliacha ipoe yenyewe, bila maji.

Tuliweka rula ya chuma juu ya flanji: geji, ule ulimi mwembamba wa kupimia nafasi, ya milimita 0.3 haikuingia popote. Tukaziba matundu yote, tukapuliza hewa kidogo, tukapaka maji ya sabuni. Povu lilitoka sehemu moja, tukairudia.

Swali lililobaki ni kwa nini jiwe lilifika huko. Raba za kushikilia injini zilikuwa zimekufa, injini imelala, na mabomba yalining'inia chini ya fremu. Tuliweka raba mpya, na bamba la chuma la milimita 3 lililofungwa kwenye fremu, siyo kwenye injini, ili jiwe likipiga, fremu ndiyo ipokee. Mama alitaka tuzungushie heda kamba ya kuzuia joto. Sikukubali: kwenye chuma cha kawaida na barabara ya matope, kamba inashika unyevu na kutu inakula bomba kwa ndani ya kamba bila wewe kuona.

Gasketi mpya ilitoka Kampala. Tuliifunga kavu, tukikaza kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu. Injini iliwashwa hadi ikapata moto kamili, ikazimwa, ikapoa mpaka mkono ukaweza kukaa juu ya heda, ndipo tukakaza tena. Nati za miisho yote miwili zilikubali karibu robo mzunguko. Tulimwambia mama ailete tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, tuzishike nati zile mara ya mwisho.