Kumbukumbu ya mradi wangu: kutafuta programu ya kunakili CD inayosomeka kwa kisoma skrini

Wiki ya kwanza

Nina CD za sauti 140 ndani ya masanduku matatu, na kwa kuwa sioni, kila kasha limebandikwa kipande cha karatasi chenye nukta nundu kinachonieleza kilichomo. Nimeamua kuzinakili zote kwenye kompyuta kabla hazijaharibika, maana nyingine ni mihadhara na masomo ya lugha ambayo sina namna ya kuyapata tena, na baadhi zimekwisha kukwaruzika. Kunakili CD si kazi ngumu kwa mtu mwenye kompyuta. Ninachokitafuta ni programu nitakayoiendesha peke yangu, kwa kibodi na kwa masikio, tangu ninapofunga trei hadi ninapojua kwa hakika kwamba kilichohifadhiwa ndicho kilichokuwa kwenye CD.

Hayo maneno "kwa hakika" ndiyo yanayobeba mradi mzima, na inafaa nieleze sababu. CD ya sauti haina mafaili ndani yake. Ina mkondo mmoja wa sauti, sampuli (yaani vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kwa kila sekunde, zenye biti 16 kwa upande wa kushoto na biti 16 kwa upande wa kulia, na mwanzoni kuna jedwali dogo linaloonyesha kila wimbo unaanzia wapi. Mkondo huo umegawanywa katika sekta 75 kwa sekunde, na baiti zote 2,352 za kila sekta ni sauti tupu. CD ya data hutenga sehemu ya sekta kwa ajili ya tabaka la ziada la kusahihisha makosa, lakini CD ya sauti haina nafasi hiyo. Ina ulinzi wake wa awali tu, na mkwaruzo ukiushinda ulinzi huo, kiendeshi, yaani kifaa kinachoisoma CD, hukisia sampuli iliyopotea na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Programu ya kawaida hupokea makisio hayo na kuyaandika. Programu makini huisoma sehemu yenye shaka mara kadhaa, kisha hulinganisha namba ya uhakiki ya kila wimbo, inayokokotolewa kutokana na sauti yenyewe, na zile zilizowekwa kwenye hifadhidata ya AccurateRip na watu wengine walionakili CD hiyohiyo kwa viendeshi vingine. Namba zikilingana, moyo unatulia.

Mtu anayeona aghalabu hupewa matokeo hayo kwa rangi au kwa alama ndogo pembeni ya jina la wimbo. Mimi hayanifikii mpaka yawe maandishi. Kwa hiyo nilipoanza majaribio sikuuliza programu ina uwezo wa mambo mangapi. Niliuliza kama itaniambia ilipokosea.

Siku ya nne

Programu ya kwanza niliyoijaribu inasifiwa sana kwa usahihi wake, wala sina sababu ya kuupinga usahihi huo. Niliifungua huku NVDA, kisoma skrini changu kinachonitamkia yaliyo kwenye skrini, ikiwa imewashwa, nikabonyeza Tab. NVDA ikatamka neno moja tu, lile la kuniarifu kwamba hapo pana kitufe. Nikabonyeza tena, neno lilelile. Nilihesabu vitufe tisa mfululizo visivyo na majina. Kiini cha tatizo ni kwamba programu hiyo huchora vitufe vyake yenyewe badala ya kutumia vile vya kawaida vya Windows, na kitufe kilichochorwa tu, bila jina lolote lililosajiliwa kwenye mfumo, kwa kisoma skrini ni sawa na ukuta mtupu.

Sikukata tamaa. NVDA ina amri ya kutambua maandishi yaliyomo ndani ya picha, yaani NVDA na R, ambayo hulisoma dirisha kama lilivyo kwenye skrini na kuniwezesha kubonyeza Enter juu ya neno lililotambuliwa. Kwa njia hiyo nilifanikiwa kuanzisha kazi, na baada ya muda mrefu nikasoma kwa amri ileile kwamba imekamilika. Nikamwita mdogo wangu athibitishe.

"Kaka, imekamilika, ila wimbo wa saba una alama nyekundu pembeni."

"Imeandikwa nini?"

"Haijaandikwa kitu. Ni alama tu."

Jioni hiyo niliiondoa. Kama mdogo wangu asingekuwapo, ningeliweka lile faili la wimbo wa saba pamoja na mengine, nikaamini ni zima, na labda nikaitoa CD yenyewe. Jambo hili linaniuma, kwa sababu taarifa ilikuwapo ndani ya programu. Ilikosa tu sentensi moja ya maandishi.

Wiki ya pili

Nimehamia kwenye foobar2000, programu ya muziki ya Peter Pawlowski, na hapa kazi imebadilika sura. Programu hii imetengenezwa kwa kutumia vitu vya kawaida vya Windows, yaani menyu za kweli, orodha za kweli na visanduku vyenye majina, na matokeo yake ni kwamba kisoma skrini huikuta imekwisha kujieleza. Waliotengeneza NVDA wameiwekea hata amri zake maalumu: Control, Shift na E hutaja muda uliokwisha kupita katika wimbo, na Control, Shift na R hutaja uliobaki. Amri hizo hufanya kazi ikiwa mstari wa hali ulio chini ya dirisha haujabadilishwa mpangilio wake wa mwanzo, kwa hiyo namshauri anayeanza asiuguse.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Ninafungua menyu ya faili, ninachagua kufungua CD ya sauti, kisha ninakwenda kwenye kitufe cha kunakili. Hufunguka dirisha lenye orodha ya nyimbo na nafasi ya kutafuta majina yake kwenye intaneti. Katika mipangilio nimechagua usomaji wa uangalifu zaidi, na nimeruhusu ulinganisho na AccurateRip. Ni lazima pia programu ijue kiendeshi chako huanza kusoma sampuli ngapi mbele au nyuma ya mahali halisi, kwa kuwa viendeshi hutofautiana na tofauti hiyo ikiachwa namba za uhakiki hazitalingana hata kama sauti ni safi kabisa. Mafaili ninayahifadhi kwa mfumo wa FLAC, ambao hupunguza ukubwa bila kupoteza sampuli hata moja. Visimbaji vyake, yaani programu ndogo zinazoyatengeneza mafaili hayo, hupakuliwa katika kifurushi cha peke yake, tena bila malipo.

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi ninavyoyasikia maendeleo ya kazi. NVDA huugeuza mwambaa wa maendeleo kuwa milio mifupi inayopanda kutoka sauti nzito kwenda nyembamba kadiri asilimia inavyoongezeka. Ninaweza kuwa nimekaa pembeni nikipanga makasha, na bila kugusa kibodi nikajua kwamba tumevuka nusu. Milio ikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu, huku kiendeshi kikipunguza mwendo na kuanza tena, najua kimekutana na mkwaruzo. Mwisho huja ripoti ya maandishi, wimbo kwa wimbo, na kwa kila mmoja husemwa kama umelingana na hifadhidata na kwa matokeo ya watu wangapi. Naipitia kwa mshale wa chini. Wimbo usiolingana hutajwa kwa namba yake. Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa nikiitafuta tangu siku ya kwanza.

Wiki ya tatu

Kwa kuwa nina kompyuta ya zamani yenye Linux, nilitaka kujua hali ilivyo upande huo kwa kutumia kisoma skrini cha Orca. Hapa niliacha madirisha kabisa nikaenda kwenye terminali, ambako kila kitu ni maandishi tangu asili. Programu ya abcde huendeshwa kwa amri fupi, kwa mfano abcde -o flac, kisha huuliza maswali kwa zamu: ni ingizo lipi la hifadhidata utumie, je, unataka kurekebisha majina, je, CD hii ina wasanii wengi. Unajibu kwa herufi moja na Enter. Kwa mtu asiyeona, mazungumzo ya namna hii ni rahisi kuliko dirisha lenye vichupo sita. Ukiongeza -N haitauliza lolote, na ukiongeza -x trei hufunguka yenyewe usomaji unapokwisha, ishara ambayo hata masikio ya mtu aliye chumba cha pili yanaipata.

Kikwazo kimoja kilinishangaza. Ndani yake abcde huitumia cdparanoia, programu hodari ya kusoma CD iliyoandikwa na Christopher Montgomery, ambayo huonyesha hali ya kazi kwa nyuso ndogo zilizoundwa kwa alama za uandishi. Uso unaotabasamu maana yake mambo ni shwari, na nyuso nyingine humaanisha matatizo ya aina mbalimbali. Orca haisemi "anatabasamu". Husema nukta pacha, kistari, mabano ya kufunga, tena na tena, hadi kichwa kinauma. Dawa yake ni kuiendesha cdparanoia kwa chaguo la -q, ambalo huinyamazisha, lakini ukiinyamazisha umepoteza pia habari za makosa. Kwa CD zilizokwaruzika nimeona bora nitumie whipper, programu nyingine ya kunakili, ambayo hujipima na AccurateRip na kuandika kumbukumbu kamili katika faili la kawaida ninaloweza kulisoma kwa utulivu baadaye.

Majina ya nyimbo yanastahili maelezo kidogo. CD nyingi za sauti hazina majina ndani yake. Programu huyapata kwa kupeleka urefu wa nyimbo kwenye hifadhidata kama MusicBrainz. Miongozo ya zamani huelekeza watu kwenye freedb, ambayo ilifungwa mwaka 2020, hivyo anayeifuata ataambulia patupu. Mihadhara yangu haimo kokote. Kila kipande nakisikiliza sekunde kumi, kisha naandika jina lake katika dirisha la sifa za faili. Kazi hii inachosha, lakini sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, programu inayogeuza maandishi kuwa matamshi, hunisomea majina niliyoyaandika kwa matamshi yanayoeleweka, na herufi iliyokosewa huisikia papo hapo.

Wiki ya tano

Nimefika CD ya 61. Mikono nayo imejifunza kazi yake: pande zote mbili za CD ni laini, lakini upande unaosomwa kwa kawaida una duara jembamba lililoinuka kuzunguka tundu la katikati, na kidole kikiligusa najua upande huo ndio wa kwenda chini. Karatasi za nukta nundu sizibandiki kamwe juu ya CD yenyewe, kwa sababu kiendeshi huizungusha kwa kasi kubwa na uzito usiolingana huifanya itikisike.

CD ya 58, somo la tatu la lugha, imekataa kulingana mara mbili, kila mara kwenye kipande cha nne. Nimeifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha, kisha nikairudisha. Milio ilipanda vizuri hadi karibu na theluthi, ikasimama, ikasimama tena, halafu ikaendelea. Ripoti imetaja kipande kilekile, safari hii kikiwa peke yake. Vipande 11 vilivyobaki vimelingana vyote. Kesho nitaitia kwenye kiendeshi cha ile kompyuta ya zamani, na nimeandika namba nne kwa nukta nundu kwenye kasha lake ili nisisahau.