Usiku wa Julai tuliomfunika mgonjwa shuka mbichi

Asiyeijua Mbeya ya mwezi wa saba hataelewa kwa nini mjomba wa mgonjwa aliniona mwendawazimu. Saa nane usiku, wauguzi tumevaa masweta juu ya sare, halafu naagiza shuka ziloweshwe maji ya bomba.

Mgonjwa alikuwa utingo wa lori, kijana tu, kashushwa njia ya Tunduma. Wanaume wanne walimshikilia. Jasho linamtiririka, mboni zimetanuka, anapigana na mtu ambaye sisi hatumwoni. Mlinzi akaja na kamba. Nikamwambia, "Kaka, hiyo iweke pembeni kwanza."

Sikuwa mpole hivyo zamani. Miaka ya nyuma, kituo kingine, nilishiriki kumfunga kijana wa aina hiyo kifudifudi, tukaona kazi imekwisha. Hakuacha kushindana na kamba. Kadiri alivyokaza misuli ndivyo joto lilivyopanda, na asubuhi mkojo wake ukawa kama chai ya rangi: misuli inavunjika, figo zinaelemewa. Alipona, ila alikaa sana wodini, na mimi nilikuwa namkwepa macho kila nikipita kitandani kwake.

Safari hii nilizima taa kubwa, nikawatoa watu, tukabaki wachache, na anayesema ni mimi peke yangu. Nikakaa ubavuni kwake. "Mdogo wangu, uko hospitali. Hakuna wa kukupiga. Nakuchoma sindano upumzike." Nilirudia mpaka koo likakauka. Mara ya sita au ya saba akanipa mkono.

Mwenzangu akapima: sukari 5.6, ya kawaida, malaria hakuna. Hivyo viwili siviruki hata siku moja. Sukari ikishuka, au malaria ikipanda kichwani, mtu hupayuka vilevile, na ni aibu kumwita mtu teja kumbe amepungukiwa sukari. Joto lilikuwa 40.3, mapigo ya moyo 158.

Daktari wa zamu akaagiza diazepamu miligramu 10 kwenye mshipa, taratibu, kisha akaongeza nyingine. Dripu zikaanza, moyo ukapimwa. Mjomba mtu, aliyepigiwa simu akaja kutoka Uyole, akauliza mbona hatumpi panadoli. Nikamweleza kuwa joto hili linatengenezwa na misuli na kitu alichokula, panadoli hailiwezi. Ndipo zikaja shuka mbichi na feni. "Sista, mtamuua kwa baridi!" Nikamwomba asubiri nusu saa, akasubiri huku amekunja uso.

Dereva wake nilimvuta koridoni. "Mimi si polisi. Nikijua amekula nini, nitajua pa kumwangalia." Akatazama mlango kwanza. Mirungi tangu Chalinze, akasema, na vidonge vyeupe vya kuzuia usingizi walivyouziwa njiani. Siku mbili kijana hajafumba macho. Mtu mmoja pale akadakia, "Mpelekeni methadoni." Methadoni ni ya waliozoea heroini, kwa mirungi na vidonge vile haina kazi.

Saa kumi na mbili asubuhi joto lilikuwa 37.4 na mkojo wa njano. Aliamka anatetemeka, sasa kwa baridi ya Mbeya yenyewe, akaomba blanketi. Kisha akauliza kama gari limeshavuka mpaka.