Safu mbili: kufuata mrabaha wa shaba mpaka kwenye akaunti ya komini

Malori ya shaba yanapita Lubumbashi mchana na usiku yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na hakuna mtu mjini asiye na la kusema juu yake. Mkubwa fulani amekula. Kampuni fulani hailipi. Redioni na kwenye WhatsApp maneno ni hayo kwa hayo, na karibu yote hayana hesabu ndani yake. Mkuu wa komini, yaani manispaa, akiyasikia anakaa kimya, kwa sababu kusema kweli hakuna alichoulizwa.

Swali lenye meno ni fupi: kampuni inasema ililipa kiasi gani, na komini inasema ilipokea kiasi gani? Safu mbili, karatasi moja. Uhuru wa vyombo vya habari, ukiuvua sherehe za Mei 3, siku yake ya kimataifa, ni uwezo wa kuandika safu hizo na kuzisoma hewani kwa Kiswahili bila kulala kasho, yaani mahabusu. Hii hapa ni namna kazi hiyo inavyofanyika, na mahali inapoharibikia.

Anza na sheria. Sheria ya Madini ya Kongo ya 2002 ilirekebishwa Machi 9, 2018 kwa sheria namba 18/001, na kifungu cha 242 kinaugawa mrabaha (redevance), yaani malipo ya kampuni kwa serikali juu ya madini inayouza, mafungu manne: asilimia 50 ya hazina ya taifa, 25 ya mkoa, 15 ya mamlaka ya mahali uchimbaji unapofanyika, na 10 ya FOMIN, mfuko wa vizazi vijavyo. Mamlaka ya mahali maana yake ni mji, komini, sekta au sheferi, yaani eneo la chifu. Teritware, yaani wilaya, haimo. Watu wanamaliza soli za viatu kwenda kwa msimamizi wa teritware, naye kisheria hana akaunti ya fungu hilo. Na hiyo 15 haipitii Kinshasa: kampuni inailipa moja kwa moja kwenye akaunti iliyotajwa na komini au sheferi yenyewe. Zamani, kabla ya 2018, hazina ilipokusanya zote kisha mikoa ikangoja, jibu la "Kinshasa bado hawajatuma" lilikuwa na maana. Leo halina. Sheria inataka pia fungu hilo liende kwenye miundombinu ya msingi ya wananchi: barabara, maji, shule, zahanati. Mishahara ya ofisi na magari ya wakubwa hayamo.

Sasa hesabu. Shaba inatozwa asilimia 3.5. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati Novemba 2018, kwa hiyo inatozwa 10. Kinachotozwa ni thamani ghafi ya mauzo, bila kukata usafiri wala bima. Tuchukue mfano wa kufanyia mazoezi: tani 1,000 za shaba kwa bei ya dola 9,000 kwa tani ni dola milioni 9. Mrabaha wake ni dola 315,000. Fungu la komini, asilimia 15 ya hapo, ni dola 47,250, na la mkoa ni 78,750. Kisha tani 100 za kobalti kwa dola 30,000 kwa tani: milioni 3, mrabaha 300,000, komini 45,000. Yaani kwa bei hizo tani 100 za kobalti zinakaribia kuijaza mfuko komini sawa na tani 1,000 za shaba. Anayehesabu shaba peke yake atakosea mbali sana.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tusiharakishe. Uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya lori si uzito wa chuma. Katodi, yaani bamba la shaba iliyosafishwa, ni shaba tupu karibu yote, haina shida. Lakini kobalti nyingi inatoka nchini kama haidroksidi, unga uliofungwa kwenye mifuko mikubwa, wenye unyevu, na kobalti iliyomo baada ya kukaushwa huwa karibu theluthi moja tu. Shaba ya konsentrati, yaani mawe yaliyosagwa na kuchujwa lakini hayajayeyushwa, nayo haifikii hata nusu mara nyingi. Mtu anayechukua tani 100 za mifuko na kuzizidisha kwa bei ya kobalti safi anapata deni ambalo halipo, anaita mkutano na waandishi, na msemaji wa kampuni anammaliza kwa sentensi moja. Siku hiyo si yeye tu anayeaibika. Anayefuata na hesabu sahihi hatasikilizwa. Kwa hiyo tafuta vitu vitatu kwenye note de débit, hati ya kudai malipo, inayotoka Divisheni ya Madini ya mkoa: uzito mkavu, asilimia ya chuma ndani, na bei rasmi ya serikali iliyotumika kwa kipindi hicho. Kimoja kikikosekana, hesabu yako ni makadirio, na iandikwe hivyo.

Safu ya kwanza, ile ya kampuni, haipatikani Lubumbashi. Inapatikana nje, na hapo ndipo ushirikiano wa kimataifa unapoacha kuwa neno la semina. Kanada ina sheria inayofanya kazi tangu Juni 2015: kampuni ya madini inayoguswa nayo lazima itangaze malipo yake kwa serikali za nje kuanzia dola 100,000 za Kanada, mradi kwa mradi, ndani ya siku 150 baada ya mwaka wake wa hesabu kufungwa. Umoja wa Ulaya una maagizo ya 2013 ya namna hiyo, kuanzia yuro 100,000, na Uingereza ina yake. Kwa hiyo Ivanhoe Mines ya Kanada, yenye mgodi wa zinki wa Kipushi, kilomita kama 30 kutoka mjini, inaandika ripoti hiyo. Glencore, yenye migodi ya KCC na Mutanda upande wa Kolwezi, nayo inatoa ripoti ya malipo kwa serikali kila mwaka. Ripoti hizo zinapakuliwa bure kwenye tovuti zao. Zisome kwa jicho kali: tafuta jedwali la mradi, kisha jedwali la mlipwaji, uone kama komini au sheferi imetajwa kwa jina au imefunikwa ndani ya "mkoa". Mradi wa ubia ambao kampuni hiyo haiudhibiti unaweza kukosekana kabisa, na kukosekana huko si wizi.

Sheria hizo haziwafikii wote. CMOC ya China, iliyonunua hisa za Freeport-McMoRan kwenye Tenke Fungurume mwaka 2016, haiko chini ya sheria ya Kanada wala ya Ulaya. Kwa kampuni kama hizo mlango ni ITIE, mpango wa uwazi wa madini na mafuta ambao Kongo iliingia 2008, ikasimamishwa kwa muda 2013, ikakubaliwa kuwa imetimiza masharti Julai 2014. Kamati yake ina pande tatu, serikali, kampuni na mashirika ya kiraia, na kanuni zake zinataka malipo yanayokwenda moja kwa moja kwa mamlaka za mahali yaandikwe yanapokuwa makubwa. Ubaya wake ni kuchelewa. Takwimu zinaruhusiwa kuwa za mwaka wa pili nyuma, kwa hiyo usitegemee ITIE kwa habari ya leo. Itumie kuhakiki ulichosikia mwaka juzi. (Marekani ilijitoa kwenye utekelezaji wa mpango huo Novemba 2017. Anayekuja kutufundisha uwazi kutoka huko aulizwe hilo kwanza, kwa heshima.)

Mikataba yenyewe nayo si siri tena. Dekreti ya Mei 20, 2011 inaamuru mkataba wa madini utangazwe ndani ya siku 60 tangu uanze kazi. Kwenye mikataba mingi ya ubia na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, utakuta malipo mengine yanayoitwa royalties. Hayo ni ya Gécamines kwa mujibu wa mkataba, hayagawanywi 50-25-15-10, na komini haidai humo hata senti. Makelele mengi ya hapa mjini yametoka kwenye kuchanganya vitu hivi viwili.

Safu ya pili, ya komini, haihitaji intaneti. Inahitaji miguu na uvumilivu. Andika barua moja, ukurasa mmoja, ikiomba vitu vinavyoweza kufungwa kwenye bahasha: hati za benki za akaunti ya mrabaha kwa miezi iliyotajwa, na orodha ya kazi zilizolipwa kutoka humo pamoja na jina la mkandarasi na tarehe ya mapokezi ya kazi. Kumbusha kifungu cha 24 cha Katiba ya 2006, haki ya kupata habari, sentensi moja inatosha. Peleka nakala mbili. Moja inabaki, ya pili inarudi kwako na muhuri, tarehe na sahihi ya aliyepokea. Bila muhuri huo, miezi mitatu baadaye utaambiwa barua haikufika, na huna la kusema. Tangu uchaguzi wa Desemba 2023 komini za Lubumbashi zina madiwani waliochaguliwa. Diwani anaweza kuuliza swali la bajeti ndani ya kikao, na jibu linaingia kwenye kumbukumbu. Njia hiyo mara nyingi ni ya haraka kuliko barua, nami ningeanza nayo.

Safu zikikaa pamoja, hazitalingana. Karibu kamwe hazilingani mara ya kwanza, na sababu nyingi ni za kawaida. Kampuni inahesabu kwa dola, komini imeandika faranga kwa kiwango cha siku nyingine. Malipo ya Desemba yameingia benki Januari. Kibali cha kuchimba kimelalia sekta mbili, na nusu imekwenda kwa jirani. Fungua ramani ya Cadastre minier, ofisi ya vibali vya madini, weka mipaka juu yake, uone. Toa kwanza tofauti zote za namna hiyo. Kinachobaki ndicho habari.

Na sifuri inaweza kuwa sifuri ya kweli. Februari 22, 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, na uliruhusiwa tena kuanzia Oktoba 16 mwaka huo kwa mgawo wa tani maalumu. Chifu wa sheferi inayoishi kwa kobalti akisema mapato yalianguka kipindi hicho, usimcheke kabla ya kuangalia kalenda. Hesabu zikimsafisha, zitangazwe hewani saa ileile na kwa muda uleule ambao zingetangazwa zikimpaka tope. Redio inayotangaza makosa peke yake, wasikilizaji wanaizoea kama king'ora cha gari.

Kuna vikapu viwili vingine vya kutochanganya na hiki. Kimoja ni asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka, angalau, kwa maendeleo ya jamii, inayosimamiwa na chombo chenye wawakilishi wa kampuni na wa wakazi. Kwenye mfano wetu wa dola milioni 9 ni dola 27,000. Kingine ni cahier des charges, ahadi za kampuni kwa miaka mitano. Darasa moja linaweza kupakwa rangi na kuhesabiwa kwenye vikapu vyote vitatu. Dawa yake ni picha yenye tarehe, mahali palipopimwa kwa GPS, na nakala ya hati ya mapokezi kwa kila kikapu. Hati tatu zikionyesha mlango uleule, uliza.

Kutangaza sasa. Kifungu cha 74 cha sheria ya jinai kinaadhibu kumchafulia mtu heshima, na Sheria ya Dijitali ya Machi 2023, kifungu cha 360, inamgusa hata anayesambaza tu habari ya uongo mtandaoni: mwezi mmoja hadi sita gerezani, faini, au vyote viwili. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa Septemba 8, 2023 na akatoka Machi 2024, na kesi yake ilizunguka waraka ambao serikali ilisema ni wa kughushi. Kwa hiyo kila karatasi iwe na historia yake: ilitoka ofisi gani, lini, kwa muhuri upi. Hewani soma tofauti yenyewe, "kampuni inaandika hivi, komini inaandika hivi", wala usimtaje mwizi. Hesabu haishtakiwi kirahisi kama kivumishi. Kabla ya kurusha, tuma tarakimu hizo pande zote mbili kwa maandishi na uwape siku za kujibu, siku saba ni haki. Sheria inawapa pia haki ya kujibu baadaye. Wape bila kununa.

Halafu coupage. Bahasha ya "usafiri" baada ya mkutano wa kampuni ni desturi, na mishahara ya redio zetu inajulikana, kwa hiyo sitahubiri. Lakini kwa kazi hii haifai hata kidogo, kwa sababu komini itaijua kabla jua halijazama, na safu ya kwanza itaitwa ya kununuliwa. Redio ibebe gharama yenyewe, na ni ndogo: teksi, fotokopi, vifurushi vya intaneti. Au redio mbili tatu zigawane, moja ikishika Kipushi, nyingine Ruashi, nyingine Kambove, zikirusha faili moja siku moja. Kumtisha mmoja ni rahisi, kuwatisha watatu kwa saa ileile si rahisi, na msikilizaji wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, akibadilisha mawimbi anakuta hesabu ni zilezile.