Kumbukumbu ya mradi: kulanti ya injini ya zamani yenye rejeta ya shaba

Rejeta imerudi kwenye gari. Imezibuliwa, matangi yake ya juu na chini yamelehemiwa upya, na sasa lazima niamue kulanti ipi, yaani kimiminika cha kupozea injini, itamiminwa ndani. Hakuna kitu kwenye gari hili nilichokisoma kwa bidii kama hiki, kwa sababu kulanti isiyofaa haionyeshi ubaya wake mapema. Inakula taratibu, na ukija kushtuka pampu ya maji inavuja na hedi, yaani kichwa cha injini, imetoboka.

Maji niliyoyamwaga yalikuwa mekundu kama tofali, na chini ya ndoo kulituama mchanga laini wa kahawia. Hiyo ni kutu ya bloku, yaani mwili wa injini, ambayo ni ya chuma. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni nyumba ya themostati (vali inayoruhusu kulanti kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto), ya alumini. Pale hosi inapovaa palikuwa na unga mweupe. Ukiukwangua kwa kucha unakuta vishimo vidogo, kimoja kina cha kuingia ncha ya sindano. Kahawia na nyeupe ni habari mbili tofauti: chuma kinaoza huku na alumini inalika kule. Metali tofauti zikigusana ndani ya maji yanayopitisha umeme, moja huliwa ili nyingine ipone, na kati ya alumini, chuma na shaba, anayeliwa ni alumini.

Wengi huamini kwamba kinachozuia kutu ni glaikoli, kimiminika kinachochanganywa na maji kupata kulanti. Sivyo. Glaikoli inafanya maji yachelewe kuganda na yachelewe kuchemka. Ikikaa kwenye joto pamoja na hewa kwa muda mrefu, yenyewe hugeuka kuwa asidi. Kinga inatoka kwenye viambato vichache vilivyochanganywa humo, na hivyo huisha. Rangi haiishi. Ndiyo maana kulanti inaweza kung'aa vizuri kabisa kwenye chupa ya akiba huku haina kinga yoyote iliyobaki. Na rangi yenyewe haina kanuni: kijani ya kiwanda kimoja si lazima iwe kijani ya kingine.

Kwa hiyo nilisoma maandishi ya nyuma ya dumu, si rangi. Zipo za aina ya zamani ambazo kinga yake ni silikati, zipo za asidi za kioganiki, na zipo za mseto. Silikati hutandaza utando mwembamba juu ya metali yote haraka sana, lakini huisha mapema, kwa kawaida ndani ya miaka 2. Za asidi za kioganiki hufanya kazi pale tu kutu inapotaka kuanzia, hivyo hudumu, mara nyingi miaka 5, ila huchukua muda kukamata.

Pia nilitafuta kiwango cha ASTM D3306, cha shirika la kuweka viwango la ASTM. Kulanti inayokidhi kiwango hicho imepita jaribio ambamo vipande vya shaba nyekundu, shaba ya njano, chuma cha kaboni, chuma cha kusubu, alumini na lehemu hutumbukizwa kwenye kulanti yenye joto la nyuzi 88 kwa saa 336, kisha hupimwa uzito uliopotea. Shaba na chuma haziruhusiwi kupoteza zaidi ya miligramu 10 kila kimoja. Alumini na lehemu zinaruhusiwa hadi 30. Namba hizo zinakuonyesha wapi pa kuogopa, na gari langu linazo zote mbili.

Nimechagua ya silikati. Kitabu cha gari kinataja aina hiyo, mishono ya rejeta ni ya lehemu yenye risasi, na alumini ya hedi sasa iko uchi baada ya kusafishwa, inahitaji kufunikwa upesi. Gari jipya lenye rejeta ya alumini na plastiki ningelitilia ya kioganiki bila kusita. Kuchanganya aina hizo mbili sitaki kabisa, maana kila moja inapunguza faida ya mwenzake.

Maji ni yaliyokenekwa. Ya bomba yana chokaa inayoganda ukutani mwa bloku, na kloridi inayochimba alumini. Uwiano ni nusu kwa nusu: mchanganyiko huo haugandi mpaka kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Ukijaza glaikoli tupu inaganda mapema zaidi, na inabeba joto vibaya kuliko ikichanganywa na maji. Kwa kuwa maji ya kusuuzia hubaki ndani ya bloku hata ukifungua nati yake ya kumwagia, nilitanguliza glaikoli sawa na nusu ya ujazo wote wa mfumo, ndipo nikajazia maji. Hita nililiacha wazi ili hewa itoke.

Ya zamani niliifunga kwenye dumu lenye kifuniko na kuipeleka inakopokelewa taka za mafuta. Ni tamu, na mbwa au mtoto akiilamba inaweza kumuua.

Injini ilipopoa nilipima kulanti kwa mita ya kupimia volti: waya hasi kwenye ncha hasi ya betri, waya chanya ndani ya kulanti bila kugusa chuma. Ilisoma volti 0.1, na watu wa kazi hii huhesabu chini ya 0.3 kuwa salama. Nilipowasha taa na feni, namba ikaruka juu ya 0.5. Hapo kulanti haina kosa. Umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia maji. Waya wa ethi kati ya injini na bodi ulikuwa umeota kutu chini ya boliti. Nimeusugua mpaka metali ikang'aa, nikaukaza, na sasa namba haipandi hata kila kitu kikiwashwa. Tarehe ya kubadili, miaka 2 kutoka sasa, nimeiandika kwenye kibandiko karibu na kifuniko cha rejeta. Kinachofuata ni hosi ya chini, ambayo imeanza kulainika.