Anayehifadhi na anayetafuta

Alhamisi, jioni

Leo tumekaa kikao cha tathmini ya mfumo wa nyaraka, ile programu ya kompyuta tunayohifadhia na kuidhinishia nyaraka za ofisi, na kwa mara ya kwanza tangu usimikwe, watu wamesema yaliyo moyoni. Nimetoka na daftari limejaa. Naandika sasa kabla hayajapoa, kwa sababu mimi ni mtu wa masjala, na mambo haya nayabeba mpaka nyumbani.

Kilichonikaa kichwani tangu kikao kiishe ni hiki: anayehifadhi waraka na anayeutafuta ni watu wawili tofauti. Anayehifadhi ana haraka, waraka anaujua, hahitaji kuelezwa chochote kuuhusu. Anayetafuta atakuja baadaye, pengine miaka baadaye, wakati huyo wa kwanza ameshahama idara au amestaafu, na hatakuwa na kitu cha kumwongoza isipokuwa maneno machache yaliyoandikwa siku ile ya haraka. Kazi yote anafanya wa kwanza, faida yote anapata wa pili. Malalamiko karibu yote niliyoandika leo, ukiyafuata hadi mwisho wake, yanaangukia hapo.

Chukua fomu ya kupakia mkataba. Ina aina ya waraka, aina ndogo, idara, kitengo, mradi, namba ya rejea, jina la mzabuni, tarehe ya kusainiwa, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, kiwango cha usiri, muda wa kutunzwa, maneno muhimu, muhtasari. Karibu kila nafasi ina kinyota chekundu cha lazima. Juzi nilikaa pembeni ya dada mmoja wa manunuzi nikamtazama anavyopakia. Nafasi za mwanzo alijaza kwa makini. Alipofika kwenye mradi, orodha ikashuka ndefu kuliko skrini, akasita kidogo, akachagua jina la juu kabisa. Kwenye maneno muhimu akaweka nukta. Kwenye muhtasari akaweka nukta nyingine. Mfumo ukaridhika, ukampa alama ya kijani.

Siwezi kumlaumu. Alikuwa na simu inalia na mzabuni anasubiri, na fomu ilimuuliza maswali ambayo majibu yake hayamsaidii yeye hata kidogo. Nukta ile ni jibu la kweli kabisa la mtu asiye na nafasi. Lakini nimeona matokeo yake kwenye ripoti: mradi unaoanza na herufi A ndio wenye mikataba mingi kuliko mingine yote, wakati kila mtu anajua ni mradi mdogo. Umebebeshwa mikataba ya watu kwa sababu tu ya alfabeti. Na mkubwa akiomba takwimu kesho, mfumo utampa hiyo hiyo, kwa grafu nzuri ya rangi.

Nilipotoa hoja kwamba vinyota vipunguzwe, kijana wa TEHAMA alinijibu kwa upole, "Dada, tukiondoa lazima, watu hawatajaza kabisa."

"Na sasa wanajaza nini, kaka?"

Akafungua hifadhidata palepale, akapanga safu ya muhtasari kwa herufi, nukta zikashuka ukurasa baada ya ukurasa. Ninamheshimu kwa hilo. Wengine wangebishana.

Mwaka 1995 wataalamu wa maktaba na wa kompyuta walikutana Dublin, mji ulioko jimbo la Ohio, Marekani, wakitafuta maelezo machache yanayotosha kuutambua waraka wowote. Seti iliyozaliwa huko inaitwa Dublin Core na ilikuja kutulia kwenye vipengele 15: kichwa, mwandishi, mada, tarehe na kadhalika. Jambo ninalolipenda ni kwamba hakuna hata kimoja kilicho cha lazima, na chochote kinaweza kurudiwa. Watu waliotumia maisha yao kwenye katalogi waliona ni heri maelezo machache ya kweli. Sisi tuna vipengele karibu idadi ileile, ila tumevilazimisha karibu vyote.

Na mengi kati ya hayo mfumo unayajua tayari. Unajua nani ameingia, yuko idara gani, ni siku gani. Mkataba ukipakiwa ndani ya folda ya mzabuni, jina la mzabuni lirithiwe kutoka kwenye folda. Muda wa kutunzwa utokane na aina ya waraka, maana ratiba ya utunzaji tuliipitisha zamani, hakuna sababu ya kumuuliza ofisa wa manunuzi akisie. Binadamu abaki na yale ambayo yeye peke yake anayajua: mkataba unahusu nini, na unaisha lini. Nimelisema hili kikaoni, na safari hii limeingia kwenye muhtasari wa kikao.

Upande wa kutafuta una machungu yake, ila nitaandika mawili tu.

La kwanza ni ruhusa. Mfumo wetu umepangwa usimwonyeshe mtu waraka asioruhusiwa, hata jina lake lisitokee kwenye matokeo. Kiusalama ni sawa kabisa, maana wakati mwingine jina la waraka lenyewe ni siri. Lakini mtafutaji anaona ukurasa mtupu, anaamini waraka haupo, anaandaa mwingine. Leo idara mbili zimegundua mbele yetu wote kwamba kila moja ina mwongozo wake wa jambo lilelile, na hakuna iliyowahi kuuona wa mwenzake. Kwa nyaraka za kawaida ningependa mfumo useme wazi: upo, huna ruhusa, mwombe fulani. Zile za siri kweli zibaki zimefichwa.

La pili ni skani. Watu wanaamini karatasi ikishapita kwenye skana imekuwa maandishi. Ikipita bila kusomwa herufi na programu, ni picha tu, na huwezi kutafuta neno ndani ya picha. Hata ikisomwa, bado kuna hatari nyingine ambayo nimewasimulia wenzangu leo na baadhi walidhani nawatisha. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kuwa baadhi ya mashine za Xerox za kuskani zilikuwa zinabadilisha tarakimu. Aliona kwenye ramani ya jengo: vyumba vyenye ukubwa tofauti vilitoka na kipimo kimoja. Chanzo kilikuwa mbinu ya kubana faili inayoitwa JBIG2, ambayo hutafuta vipande vya picha vinavyofanana na kutumia kimoja mahali pa vingine, kwa hiyo 6 ikaweza kugeuka 8. Ubaya wake ni kwamba ukurasa ulitoka safi. Herufi zilizofifia zingemshtua msomaji, lakini 8 iliyochapwa vizuri haimshtui mtu yeyote. Kampuni ilitoa marekebisho, lakini mimi tangu nisome habari ile siwezi kukubali karatasi ichanwe kabla mtu hajakaa na kulinganisha, hasa penye fedha na vipimo. Kulikuwa na pendekezo la kuharibu nakala halisi siku hiyohiyo ya kuskani ili kuokoa nafasi ya makabati. Nimelipinga, na nitaendelea kulipinga.

Sasa nije kwenye michakato ya idhini, ambako ndiko kikao kilichemka.

Kwenye mchoro mchakato wetu unapendeza: ofisa anaandaa, mkuu wa kitengo anapitia, mwanasheria anatoa maoni, mkurugenzi anaidhinisha. Vibox vinne na mishale. Wenzetu waliouchora walitumia lugha ya michoro inayokubalika kimataifa, BPMN, na kitaalamu hauna kasoro. Shida ni kwamba ndani ya kila kibox kuna mtu, na mtu husafiri, huugua, huenda likizo, hufiwa.

Ofisini jambo hili lina jibu la siku nyingi: anateuliwa kaimu. Kaimu anasaini kwa jina lake mwenyewe na kuandika kwamba anasaini kwa niaba ya nani, na kila anayesoma anaelewa. Kwenye mfumo, kumweka kaimu kunahitaji ombi kwa msimamizi wa mfumo, ombi lenyewe linahitaji idhini, na mwenye kuidhinisha ni yuleyule aliye safarini. Basi watu wakafanya kilichowezekana. Bosi anapoondoka anamwachia katibu muhtasi nenosiri lake kwenye kikaratasi. Leo dada mmoja amelisema hili kwa sauti ya chini, na ukumbi mzima ukaonekana kuwa unalijua.

Hapo ndipo nilipoumia. Mfumo huu ulinunuliwa, pamoja na sababu nyingine, kwa ajili ya kumbukumbu ya matukio: nani alifungua, nani alibadilisha, nani aliidhinisha, saa ngapi. Kiwango cha kimataifa cha utunzaji wa kumbukumbu, ISO 15489, kilichotoka mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2016, kinadai kumbukumbu iwe halisi, iaminike, iwe kamili bila kuchezewa, na iweze kutumika. Kumbukumbu inayosema mkurugenzi aliidhinisha malipo wakati ule alipokuwa angani ndani ya ndege haina uhalisi, hata kama hakuna fedha iliyopotea na katibu ni mwaminifu kabisa. Saini ya kaimu kwenye karatasi ilikuwa na ukweli zaidi. Na siku ikitokea kesi, atakayebebeshwa ni katibu, ambaye hakuwahi kuomba nenosiri la mtu.

Watu wa ukaguzi walitaka tuandike katazo kali la kutoa nenosiri. Lipo tayari, liko kwenye sera, kila mtu amelisaini. Nimeomba badala yake kila mkuu aweze kuteua kaimu wake mwenyewe, kwa tarehe ya kuanza na ya kwisha, papo hapo, na kila idhini ya kaimu ionyeshe majina yote mawili. Kijana wa TEHAMA amesema uwezo huo umo ndani ya programu, ulizimwa tu wakati wa usimikaji. Ulizimwa! Kwa muda wote huu makatibu wametembea na siri za watu mikobani.

Kuna pia kitufe cha Rudisha. Mwanasheria akiona tarehe imekosewa, akakibonyeza, waraka haurudi hatua moja nyuma. Unarudi mwanzo kabisa, na idhini zote zilizokwishatolewa zinafutika. Ndiyo maana amejifunza kutokibonyeza. Anampigia simu ofisa, anatumiwa faili lililosahihishwa kwa barua pepe, anapakia mwenyewe kama toleo jipya. Kazi inakwenda, ila mazungumzo yaliyoeleza kwa nini tarehe ilibadilika yamebaki kwenye simu na kwenye barua pepe, mahali ambapo mtafutaji wetu wa baadaye hatafika kamwe. Atakuta toleo la pili na la tatu, na katikati yake hakuna neno. Kwenye jalada la karatasi dokezo lingekuwepo, kwa mkono wa mtu: nimeona, ila rekebisha aya ya nne kwa sababu hii. Sitamani turudi kwenye karatasi, nimeona majalada yakiliwa na mchwa na kupotea kwenye meza za watu. Natamani dokezo lipewe nafasi yake ndani ya mfumo.

Arifa nitazipita haraka: ni nyingi mno, watu wengi wameziwekea kanuni ya kwenda moja kwa moja kwenye folda wasiyoifungua. Muhtasari mmoja wa asubuhi ungetosha.

Mzee mmoja wa kitengo chetu, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashirika makubwa, alitukumbusha jambo ambalo wengi hawakulifikiria. Programu hizi zina maisha ya kuhamahama. Documentum, mojawapo ya programu za nyaraka, ilianzishwa mwaka 1990, ikanunuliwa na kampuni ya EMC mwaka 2003, EMC nayo ikaingia Dell mwaka 2016, na mwaka uliofuata Documentum ikauzwa kwa kampuni ya OpenText. FileNet, nyingine ya aina hiyo, ya mwaka 1982, iko IBM tangu 2006. Waraka wa miaka 30 unaweza kumaliza wamiliki kadhaa wa programu kabla wenyewe haujamaliza muda wake wa kutunzwa. Akauliza swali ambalo halikuwemo kwenye ajenda: siku tukihama, tutatoka na nini? Faili peke yake, au faili pamoja na maelezo yake, matoleo yake, na historia ya idhini? Faili zenyewe zina afadhali, kwa sababu tunazihifadhi kwa PDF/A, muundo uliowekwa kuwa kiwango mwaka 2005 na unaobeba fonti zake ndani ili usitegemee kompyuta ya siku ile. Historia ndiyo hatujui inatokaje. Mwakilishi wa muuzaji aliahidi kuleta jibu.

Kesho asubuhi naonana na kijana wa TEHAMA tuanze na mambo mawili: kuwasha ukaimu kwa wakuu wote, na kuipunguza ile fomu. Nimemwomba dada wa manunuzi aje akae nasi, apakie mkataba halisi huku tukimtazama, na popote atakapoweka nukta, nafasi hiyo tunaiondoa au tunaijaza kwa mashine. Mikataba iliyorundikwa kwenye mradi wa herufi A itabidi ipitiwe mmoja mmoja kwa mkono. Hiyo nimejiandikia mimi, na nitahitaji watu wawili wa kunisaidia mpaka mwisho wa mwezi.