Kijiko cha Ishirini na Nne

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Novemba 2017, nilikuwa na deni la sura moja tu. Zuhura, ambaye wasomaji wa gazeti moja la kila wiki walikuwa wamemfuatilia kwa miezi tisa, alitakiwa kuamua jioni ile kama angerudi kwa mumewe aliyemtelekeza au angeolewa na fundi baiskeli aliyemsitiri, na mhariri alikuwa amenionya kwa simu kwamba ikipita saa kumi na mbili jioni kurasa zitafungwa bila mimi. Uamuzi wenyewe haukunisumbua. Nilikuwa nimekwishakata shauri kwamba atarudi kwa mumewe, na karamu ya suluhu ilikuwa tayari imepangwa kichwani mwangu katika hoteli ya ufukweni: pilau, kuku wa kupaka, sharubati ya ukwaju, na halua ya kufungia.

Lazima nieleze namna nilivyokuwa nikifanya kazi wakati ule, la sivyo mambo ya siku hiyo hayataeleweka. Naishi Ngamiani, mjini Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zilizopewa namba badala ya majina, na meza yangu imekaa dirishani, mahali ambapo naona kila apitaye kwa miguu au kwa baiskeli. Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilikuwa nikiinjika chai ya maziwa, naponda iliki na kipande cha tangawizi, naiacha itokote mpaka imepanda na kushuka mara tatu, kisha natia vijiko vinne vya sukari katika magi na kukaa kuandika. Kama mambo yangeishia hapo, pengine nisingekuwa na la kusimulia. Lakini hadithi ya mapenzi ina visiki vingi kuliko wanavyodhani wasioziandika, na kila nilipojikwaa nilisimama, na kila niliposimama miguu ilinipeleka jikoni yenyewe. Kijana amefika mlangoni na hajui aseme nini: kikombe. Barua imeangukia mikononi mwa mama mkwe: kikombe na kitumbua. Wawili wamebaki peke yao chumbani na gazeti linasomwa na watoto wa shule: kikombe, vitumbua viwili, na kipande cha halua.

Kilichoingia tumboni mwangu kiliingia pia katika hadithi. Mhariri, ambaye ana ulimi, alizoea kuniambia kwamba hadithi zangu zinafaa kuuzwa pamoja na sahani. Nilikuwa nikimjibu kwamba kosa si langu, ni la lugha. Sisi watu wa pwani tunapotaka kusema habari za mapenzi tunaingia jikoni kabla hatujabisha hodi: mpenzi ni asali, maneno yake ni matamu, penzi limekolea, na likichuja tunasema limepoa kama uji. Marehemu mama yangu alikuwa na kanda za taarabu za Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa hapa Tanga, na nikiwa mtoto nilizisikiliza jioni mpaka nikaamini kwamba mapenzi ni namna fulani ya chakula ambacho watu wazima hula wakiwa wamefunga mlango. Nilipoanza kuandika, sikuwa na ghala jingine la kuchotea.

Basi asubuhi ile, kabla sijainjika chai, jirani yangu alibisha hodi. Ilikuwa Siku ya Kisukari Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 14 Novemba kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini, na mwaka huo ujumbe wa siku hiyo uliwahusu wanawake. Katika uwanja mmoja mjini walikuwa wanapima bure. Jirani alikuwa na hofu, kwa sababu mama yake mzazi alikatwa kidole cha mguu kwa ajili ya maradhi hayo, na hakutaka kwenda peke yake. Mimi sikuwa na hofu yoyote. Nilikwenda kumsindikiza tu, tena kwa shingo upande, maana nilihesabu kwamba nitarudi kufikia saa tatu nimalizie karamu yangu.

Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha usiku, na uwanja ulikuwa na matope yaliyobandika kandambili zetu chini kila hatua. Chini ya turubai palikuwa na viti vya plastiki, mizani, na meza mbili. Jirani alipimwa, akaambiwa yuko salama, akapumua kwa sauti iliyowafanya watu wageuke. Kisha muuguzi, binti wa miaka ishirini na kitu, akanitazama mimi.

"Shikamoo mama. Na wewe umekunywa chai?"

"Marahaba. Bado, nimekuja kumsindikiza mwenzangu."

"Basi vizuri, hujala. Lete kidole."

Alinifuta kwa pamba, akanidunga, akabana kidole mpaka tone likatuna, akaligusisha kwenye kijiti cha kipimo. Tulisubiri sekunde chache, wote wawili tukikitazama kile kidude kama watu wanaosubiri matokeo ya mpira. Kilisema 6.6. Alinieleza bila kunitisha kwamba kwa mtu ambaye hajala tangu usiku, kuanzia 7.0 ndiyo huhesabiwa kuwa kisukari, na kati ya 6.1 na 6.9 ni sukari iliyopanda lakini haijafika huko. Alisema nipimwe tena hospitali ili ithibitike, na kwamba aliyesimama hapo niliposimama bado anaweza kurudi nyuma. Presha ilikuwa 138 kwa 88, nayo haikumpendeza. Akauliza nafanya kazi gani.

Nilipomwambia naandika hadithi, akauliza za namna gani, na nilipotaja gazeti aliiweka kalamu chini.

"Wewe ndiye wa Zuhura?"

Foleni nyuma yangu ilikuwa na watu wasiopungua thelathini, na kwa dakika tano nzima hawakuhudumiwa. Alitaka kujua kama Zuhura anarudi kwa mumewe. Nilimwambia asubiri Ijumaa kama wengine. Alinisihi, akaniambia kwamba yeye na wenzake wodini wamegawanyika makundi mawili na kwamba yeye yuko upande wa mume, kwa sababu mtu akikosa na akatubu asameheweje kama si kwa kurudishwa nyumbani? Sikumjibu, ingawa moyoni nilifurahi kwamba tuko upande mmoja. Ndipo alipoinuka upya kuwa muuguzi na kuniuliza natia vijiko vingapi.

"Vinne."

"Vikombe vingapi kwa siku?"

Nilikuwa sijawahi kuvihesabu. Nilianza kwa vidole, nikapita mlangoni kwa yule kijana, nikapita kwa mama mkwe, nikafika sita, na hapo sikutaja halua. Akazidisha kwenye kipande cha karatasi: vijiko ishirini na vinne, kila kijiko cha chai kama gramu nne, jumla gramu 96. Akaandika chini yake 50, akaizungushia duara, akasema kwamba Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linataka sukari ya kuongezwa isivuke hapo kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka mpaka nusu yake ni bora zaidi. Kisha akauliza natembea kiasi gani. Nilisema natembea kutoka mezani kwenda jikoni. Alicheka, lakini aliandika na hilo pia: dakika thelathini, siku tano kwa wiki.

Nilirudi nyumbani saa nne nikiwa na karatasi ile na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Niliinjika chai. Nilitia kijiko kimoja. Nitasema ukweli: ilikuwa kama maji yaliyooshea sufuria ya chai. Niliimimina nusu kwenye karo, nikafunika vitumbua kwa kawa ili nisivione, nikaweka sahani ya halua juu ya kabati ambako lazima nipande kigoda, nikakaa mezani.

Karamu ilikataa kuandikika. Masudi, mume wa Zuhura, aliketi. Masudi alimimina sharubati. Masudi alimtazama Zuhura, akavuta sahani ya pilau karibu. Niliyasoma maneno hayo mara tatu, na kila nilipofika kwenye pilau nilihisi kwamba Masudi hakuwa na lolote la kumwambia mwanamke yule, na kwamba tangu mwanzo wa hadithi nilikuwa nikimziba mdomo kwa chakula ili nisigundue. Niliiondoa sharubati. Niliiondoa halua. Wakabaki watu wawili kwenye meza tupu, wakitazamana, na mwanamume hakufungua kinywa. Kufikia saa nane kichwa kilikuwa kinaniuma upande mmoja, na nilikuwa nimekwishakisogeza kigoda mpaka mbele ya kabati.

Sijui kwa nini sikupanda. Nadhani ilikuwa ni ile 50 yenye duara, ambayo niliiona mezani nilipogeuka. Nilichukua mtandio na mwavuli nikatoka.

Nilivuka reli, ile iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutokea hapa mwaka 1893, nikaingia upande wa mjini, na baada ya nusu saa nilikuwa Bustani ya Jamhuri. Nilikuwa sijakanyaga pale kwa miguu yangu tangu watoto wakiwa wadogo. Maji ya bandari yalikuwa ya kijivu, Kisiwa cha Toten kimelala kimya mbele yangu na miti yake, na magoti yangu yalikuwa yanatetemeka kidogo, jambo lililonitia aibu zaidi ya kipimo cha asubuhi. Nilikaa kwenye benchi.

Barabarani, hatua chache kutoka nilipokaa, mwanamume mmoja alikuwa akisukuma baiskeli, na pembeni yake alitembea mwanamke aliyebeba viatu mkononi. Mnyororo haukuwa umekatika, maana gurudumu lilizunguka vizuri, wala hapakuwa na mzigo kwenye kiti cha nyuma. Ilikuwa wazi kwamba mwanamke alikataa kupanda.

"Panda bwana, watu wanatazama."

"Waache watazame. Wamelipa kiingilio?"

"Basi mimi nipande mwenyewe nikuache."

"Panda. Nani kakushika?"

Mwanamume hakupanda. Aliendelea kusukuma baiskeli ile nzima na nzito taratibu, akipima hatua zake kwa hatua za mwanamke, na walipofika kwenye dimbwi aliipitisha baiskeli katikati ya maji ili yeye apate pakavu ukingoni. Hakuna aliyesema neno juu ya hilo dimbwi. Walipinda kona wakapotea.

Nilirudi Ngamiani karibu kwa kukimbia, kama mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyevaa kandambili anavyoweza kukimbia, na saa kumi na robo nilikuwa mezani. Nilimfuta Masudi na hoteli yake. Nilimweka Zuhura barabarani kwenye matope, na fundi wake Kombo akisukuma baiskeli kando yake, na nikawaacha wagombane mpaka dimbwini. Sikusimama hata mara moja. Chai ya kijiko kimoja niliyoibakiza asubuhi ilikuwa bado kwenye magi, imefanya utando juu, na nakumbuka niliinywa baridi katikati ya sentensi bila kutambua ladha yake. Nilituma sura saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, nikapanda kigoda, nikakata halua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, nikaila nimesimama.

Simu ililia kabla sijashuka.

"Dada, nimeisoma," alisema mhariri. "Lakini kuna kitu kimeniduwaza. Hawajala."

"Hawakuwa na njaa."

"Miezi tisa wanakula, leo siku ya kuposana hata karanga?" Alinyamaza, nikasikia karatasi. "Haya. Lile dimbwi usiliguse, liache hivyo hivyo."

Yaliyofuata hayakuwa na ushujaa wowote. Kupunguza kutoka vijiko vinne hadi kimoja kulinichukua wiki nyingi na manung'uniko mengi, na nilipata msaada mahali nisipotarajia, kwa mzee anayepitisha kahawa mtaani akigonganisha vikombe vyake. Kahawa yake chungu isiyo na sukari, ambayo babu zetu waliinywa barazani kwa kipande kidogo cha kashata au halua, ilinionyesha kwamba utamu ukiwa kando ya kinywaji kidogo tu chatosha, tofauti na ukiwa ndani yake. Halua nimeiacha iwe ya Ijumaa. Bustanini nakwenda siku nne, na siku ya tano naisemea uongo.

Februari nilirudi kupimwa, safari hii katika kituo cha afya, na nikamkuta binti yule yule. Hakunijulia hali. Hakuniuliza vijiko wala dakika.

"Mama, kwa nini umemwoza fundi baiskeli?"

Nilianza kumweleza habari za Masudi na meza tupu, lakini alikuwa amekwishakamata kidole changu. Kipimo kilisoma 5.7, akaiandika kwenye kadi bila kutabasamu. Labda ni mawazo yangu tu, lakini siku ile sindano iliuma zaidi.